Bariere ya Mvua na Safari ya Noeli

Masomo yanapofungwa kwa ajili ya Noeli, watoto wengi wanaosoma Kalemie hurudi kwa wazazi wao upande wa Moba. Hiyo ni siku ya furaha. Cheti kimekunjwa vizuri mfukoni, nguo zimefungwa, na shangazi amenunua ndagala kavu za kumpelekea nkambo. Wengine hupita ziwani kwa mashua, lakini wakati wa mvua ziwa Tanganika huchafuka mara nyingi, nao akina mama huogopa mawimbi. Basi mtoto hupandishwa juu ya kamio, kati ya magunia na mitungi ya mafuta, na safari huanza kwa nyimbo.

Saa nane mvua kubwa inanyesha. Kamio linafika mahali ambapo gogo limelazwa juu ya nguzo mbili kukata njia. Hiyo ndiyo bariere ya mvua. Mlinzi ameketi chini ya kibanda chake cha nyasi, wala hasimami. Shofere anapiga honi. Abiria wananung'unika. Mmoja anasema kwamba mapumziko ya Noeli ni majuma mawili tu, na bariere inataka kula siku nzima. Mwishowe shofere anashuka na kumwendea mlinzi, mkono mmoja mfukoni. Matabishi yanatolewa, gogo linainuliwa. Abiria wanapiga makofi, na mtoto aliye juu ya magunia anapiga makofi pamoja nao.

Makofi hayo hayastahili. Afadhali kamio lingengoja.

Sababu yake inaonekana kwa macho, bila kitabu. Njia kubwa za Kongo, zile za taifa na za mikoa, zina urefu wa kilometa 58,000 hivi, na sehemu ndogo tu imetiwa lami. Zilizobaki ni udongo. Udongo mkavu ulioshindiliwa ni mgumu kama tofali, nalo kamio hupita juu yake bila kuacha alama. Lakini udongo ulioshiba maji ni kama unga wa bukari uliokorogwa chunguni: ukitia kidole, kinazama. Kamio lenye mzigo likipita wakati huo, magurudumu yake hukata mifuo miwili mirefu. Mvua ya kesho haiteremki tena pembeni katika mfereji, bali hukaa ndani ya mifuo hiyo. Kamio la pili huzichimba zaidi. La tatu hukwama. La nne, kwa kulikwepa la tatu, hupita juu ya mfereji na kuuziba. Baada ya juma moja pale pana ziwa dogo, nayo makamio kumi yamepangana, na watoto wanaokwenda kwa wazazi wao wanalala porini siku tatu, nne, wakila mihogo mibichi waliyouziwa kwa bei kali.

Kwa hiyo yule shofere aliyepita alijipatia nusu ya siku. Lakini nusu hiyo aliitoa katika siku za watu wengine, ambao hawakuwapo kumkatalia.

Uzito nao ni jambo la kufikiriwa. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wahandisi waliweka askari waendeshe makamio juu ya barabara za majaribio mchana na usiku, ili kujua ni mzigo gani unaoharibu njia na kwa kiasi gani. Walikuta kwamba ekseli yenye uzito mara mbili haiharibu njia mara mbili. Huiharibu karibu mara kumi na sita. Na hizo zilikuwa barabara za lami na za saruji. Kila mtu afikiri mwenyewe juu ya udongo mwekundu uliolowa, na juu ya kamio ambalo mwenyewe amelijaza magunia mpaka chuma cha nyuma kimepinda, kisha akaongeza abiria thelathini juu.

Watu wanaoichukia bariere si wapumbavu. Wana sababu zao. Wakati wa Wabelgiji vijiji vingi vilihamishwa na kuwekwa kando ya njia, na watu walilazimishwa kuchimba mifereji na kufyeka majani, wapende wasipende. Wazee walisimulia hayo kwa watoto wao, na hata leo gogo lililokata njia hulikumbusha taifa shuruti. Tena, msafiri wa Kongo hukutana na vizuizi vingine vingi ambavyo havina habari ya mvua: pale anadaiwa karatasi, hapa anadaiwa falanga bila karatasi. Atajuaje kwamba gogo hili ni la haki na lile ni la unyang'anyi? Mlinzi akilifunga siku ya jua ili apate matabishi, ameua heshima ya bariere zote zilizo mbele na nyuma yake.

Mlinzi huyo pia asihukumiwe upesi. Mara nyingi ni mtu wa kijiji cha karibu, na mshahara wake ukikawia miezi, atawezaje kuukataa mkono wa shofere wakati watoto wake wanalala bila kula? Kwa sheria ya 2008 upo mfuko wa taifa wa kutunza barabara, ambao hupata fedha katika bei ya mafuta ya motokari. Maana yake ni kwamba kila abiria anayelipa nauli amekwisha kulipia njia, hata yule mtoto wa juu ya magunia. Shofere anaposema, «Mimi nimelipa tayari», anasema kweli. Ila fedha zile hazina budi kumfikia mtu wa mwisho, yule mwenye gogo na mwenye sepetu, kwa maana yeye ndiye anayekaa na njia usiku na mchana. Na aliyelipia nyumba hana faida ya kuivunja kuta.

Katika Julai na Agosti, wakati wa vakansi kubwa, mambo ni tofauti. Ni kiangazi: bariere zimeinuliwa, vumbi linawafanya abiria wote kuwa wekundu, na safari huwa fupi. Mtoto aliyeijua njia wakati huo tu hudhani kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Mvua ya Desemba humwonyesha mengine.

Wala kungoja si hasara tupu. Penye bariere watu wasiojuana huanza kuongea. Mama anachoma mahindi na kuwagawia watoto wa wenzake. Mzee anataja majina ya vilima vya Marungu na ya mito inayoteremka ziwani, ambayo kwa kamio linalokimbia hakuna anayeyauliza. Wavulana hushuka na kutazama jinsi maji yanavyoiacha njia kidogo kidogo, kwanza katikati, halafu pembeni. Kumbukumbu nyingi za safari hutoka katika saa kama hizo.

Lakini ni vigumu kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni afurahie kungoja akiwa amelowa mpaka mifupa. Hapo ndipo wenye kazi ya njia wanapaswa kusikia. Wanaomtaka msafiri angoje, wampe mahali pa kungojea: paa linalomtosha yeye na wenzake, choo, na ubao ulioandikwa kwa Kiswahili kwamba bariere hufungwa mvua inaponyesha, kwamba hufunguliwa saa fulani baada ya mvua kukatika, na kwamba hakuna malipo. Mtoto anayejua kusoma ataisoma sheria hiyo kwa sauti mbele ya shofere na mbele ya mlinzi, nao wote wawili watasikia. Nguzo sita, mabati kumi na mawili na ubao mmoja: vyote pamoja pengine havifikii bei ya tairi moja la kamio.