Saratani inapofika mgongoni: Siku za kuishi na siku za kutembea

Na Mwandishi Wetu

SWALI la kwanza ambalo ndugu huwauliza madaktari, mgonjwa wao anapotakiwa kufanyiwa upasuaji wa saratani iliyosambaa hadi kwenye uti wa mgongo, ni ataishi muda gani. Ni swali la msingi, lakini jibu huwavunja moyo wengi, kwa kuwa upasuaji huo hauondoi saratani mwilini. Kazi yake ni kuondoa uvimbe unaokandamiza mishipa ya fahamu na kuimarisha pingili zilizoharibika.

Utafiti unaotajwa sana katika suala hili ni wa Dk. Roy Patchell na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet, ukihusisha wagonjwa 101. Nusu ya waliopasuliwa kisha kupewa mionzi waliishi siku 126 au zaidi. Kwa waliopewa mionzi pekee, siku 100. Tofauti ni ndogo. Katika kutembea, hata hivyo, kundi la kwanza lilifikia siku 122, la pili siku 13 tu.

Hesabu hiyo ina uzito wake Mbagala, Chamazi au Bunju, katika nyumba ambazo choo kiko uani na gari haliingii hadi mlangoni. Asiyetembea huko huhitaji watu wa kumbeba, na mmoja wao huwa ameacha biashara yake.

Saratani za tezi dume na matiti, ambazo huwapata Watanzania wengi, husambaa kwa urahisi kwenye mifupa. Dalili ya awali mara nyingi ni maumivu ya mgongo yanayozidi usiku. Mgonjwa hununua diklofenaki duka la dawa, wiki zinapita. Akifika Hospitali ya Temeke au Mwananyamala miguu ikiwa tayari imekufa ganzi, bado anasubiriwa na kipimo cha MRI, upasuaji Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kisha mionzi Ocean Road.

Hali anayofika nayo ndiyo huamua mengi, pamoja na aina ya saratani. Ya mapafu kwa kawaida humpa mgonjwa muda mfupi kuliko ya matiti. Katika utafiti huo, kati ya 16 waliopasuliwa wakiwa hawatembei, 10 walitembea tena. Kwa mionzi pekee, watatu kati ya 16. Waliokwisha kupooza kwa zaidi ya saa 48 hawakuingizwa kabisa.