Kiboko Kina Kanuni, Ushauri Hauna Hata Kiti

Makamanda, leo naomba tuweke pembeni kidogo Katiba Mpya na Tume Huru. Sijavichoka. Nataka tuongelee kitu ambacho hakijawahi kupandishwa jukwaani: mtoto wa kidato cha tatu, shule ya kata, kakaa dawati la nyuma, wiki ya pili haongei na mtu.

Mimi nilikaa naye dawati moja. Shule yetu huko Rukwa ilikuwa mbali na vijiji vingi, kwa hiyo wasichana tulipanga mageto, watatu chumba kimoja, tunapika kwa zamu. Rafiki yangu akafiwa na mama. Alizika, akarudi. Usiku halali, mchana anasinzia darasani. Akachapwa kwa kusinzia. Akaanza kuchelewa namba, akachapwa kwa kuchelewa. Watu wakaja geto kumkemea mapepo. Siku moja akajaribu kujitoa uhai.

Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini watu wazima wote wakakubaliana tunyamaze, eti polisi wakisikia atafungwa. Akatibiwa kimyakimya, akarudishwa kwa bibi yake, na shule ikaishia hapo.

Nilidhani wanatutisha tu. Nilipofika chuo nikafungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 217 kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Hakitaji adhabu, kwa hiyo unarudi kifungu cha 35: hadi miaka miwili jela, au faini, au vyote viwili. Kweli, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufungwa jela. Lakini nani kijijini anaijua? Hofu haisomi vifungu vyote. Hofu inasikia neno "polisi" na kufunga mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2002 zilitoka kanuni za viboko shuleni. Zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni: jina, kosa, idadi. Mwaka huohuo ukatoka Waraka wa Elimu Na. 11 kuhusu huduma ya ushauri na unasihi shuleni. Kanuni zina nguvu ya sheria. Waraka unabandikwa ukutani hadi unafifia. Dola iliyokaa chini ikahesabu viboko vya mtoto mpaka kimoko cha mwisho imeshindwa kuhakikisha mtoto huyo ana mtu mmoja wa kumsikiliza!

Mtasema mwalimu wa ushauri yupo. Yupo, ndiyo. Ndiye huyohuyo mwenye vipindi kibao, ndiye mwalimu wa zamu, na ndiye ameshika fimbo asubuhi. Mchana mtoto amfuate huyo amwambie hataki kuishi? Simlaumu mwalimu. Kapewa kazi ya pili bila muda, bila mafunzo ya maana, bila chumba.

Halafu wanatuambia hospitali ya taifa ya afya ya akili ipo. Ipo, Mirembe, Dodoma. Kutoka kijijini kwetu, nauli ya mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni magunia ya mahindi. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, sawa. Lakini mtoto anayezama kwa huzuni darasani hata hiyo elimu bila ada haimfikii.

Najua jibu la CCM: fedha hakuna. Na lile la wazee wetu: sisi tulitembea kilomita kumi pekupeku, vijana wa leo ni legelege. Wazee, shikamooni. Hatujui wangapi kati ya mliotembea nao waliishia njiani, kwa sababu hakuna aliyewahesabu.

Na kuhusu fedha: huduma hii haihitaji ghorofa. Zimbabwe tangu 2006 wamewafundisha bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao, nje ya kliniki, wakawasikiliza kwa utaratibu maalumu. Kenya, vijana waliotoka sekondari juzi tu wamefundishwa kuongoza vikundi vya wanafunzi, na utafiti ukaonyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Kwetu wahitimu wa saikolojia na ustawi wa jamii wamejaa mtaani wanaendesha bodaboda. Benchi na kijana aliyefundishwa, hivyo pia hatuna bajeti? Mashangingi tunayo.

Madai yangu ni manne. Moja, waraka wa ushauri ugeuzwe kanuni, na aliyeshika fimbo asiwe mshauri. Mbili, kila kata iajiri mshauri mmoja anayezunguka shule zake. Tatu, kitita cha Bima ya Afya kwa Wote kitaje huduma ya afya ya akili kwa mwanafunzi, ngazi ya zahanati. Nne, kifungu cha 217 kifutwe. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu chao cha 226 kinakiuka Katiba. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Kumtishia jela aliyetaka kufa si hifadhi.

Na chama chetu nacho kijiangalie. Haya yaingie kwenye ilani kwa namba na gharama, tusiishie kusema "tutaboresha afya".

Rafiki yangu sasa anauza maandazi stendi. Likizo iliyopita aliniuliza huko chuo kuna mtu wa kuongea naye ukizidiwa. Nikamwambia yupo, ana chumba kidogo, mlango unafungwa, kuna viti viwili. Akanitazama, akauliza, "Viti viwili tu?"

Viwili tu. Tunavidai.