Daraja si lako: Soma hii kabla ujenge biashara juu ya M-Pesa

Ukinunua kitu mtandaoni na simu ikaleta ujumbe papo hapo ikikuuliza PIN ya M-Pesa, ujue kuna API inapiga kazi nyuma ya pazia. API ni mlango: programu moja inabisha, nyingine inafungua na kutoa kile tu imekubali kutoa.

M-Pesa ilizinduliwa 2007, lakini kwa miaka mingi waunda programu wa nje hawakuwa na mlango rasmi. Wengine waliunda programu za kusoma SMS za malipo ndio wajue nani amelipa. Safaricom ikafungua API yake 2015, kisha 2017 ikaleta Daraja: unajisajili, unapewa funguo, unajaribu bila malipo. Ukitaka kupokea pesa za ukweli, unatafuta paybill au till.

Kwa hivyo leo msee yuko na laptop yake Section 58 anaweza kuundia sacco ya matatu za Njoro mfumo wa kukusanya nauli, ama ushirika wa maziwa huko Molo mfumo wa kulipa wakulima wote kwa mpigo. Hiyo ni kazi halali na inalipa.

Lakini usidhani umepewa sadaka. Kila mfumo unaounda unaleta miamala zaidi, na miamala ina ada. Wewe unawatafutia wateja. Hakuna ubaya, bora ujue hesabu iko hivyo.

Shida ni kwamba mwenye mlango anaweza kubadilisha kufuli. Januari 2023, Twitter ilizima programu za watu wa nje zilizotumika kuisoma. Mwaka huo huo Reddit ilianza kutoza pesa kwa API yake iliyokuwa ya bure, na Apollo, programu iliyopendwa sana, ikafungwa Juni 30. Hapa kwetu, Safaricom ilianza kuficha namba za wateja kwenye taarifa za malipo. Kwa faragha yako na yangu, hilo ni jambo zuri. Lakini kama mfumo wako ulikuwa unamtambua mteja kwa namba ya simu pekee, ulikwama.

Sasa ufanye nini? Mpe kila mteja namba ya akaunti yako mwenyewe. Weka rekodi zako, na kila jioni uzilinganishe na taarifa ya M-Pesa. Tenga sehemu ya malipo na mfumo wote, ndio siku ukitaka kuongeza Airtel Money au benki usibomoe nyumba nzima.

La maana zaidi, usiuze "nimeunganisha M-Pesa". Maelekezo yako wazi, hata jirani yako ataunganisha wikendi hii. Uza kile umejifunza kwa kukaa na watu: vile sacco inahesabu safari, vile ushirika unakata deni la chakula cha ng'ombe kabla ya kumlipa mkulima. Hiyo haiko kwa API ya mtu yeyote, na hakuna kampuni itaamka kesho ikufungie.