Kabla Hujatoa Mkojo

Jamani, hivi kipimo cha mkojo cha dakika tano ndicho cha kukunyima kazi, au kuvunja uchumba? Mie nakataa! Kipimo hicho kinachuja tu: dawa ya mafua yenye pseudoefedrini inaweza kuonekana kama amfetamini. Mbegu za mpopi zinazopambia mikate nazo ziliwaponza watu, hadi mwaka 1998 Marekani ikapandisha kiwango cha afyuni kwenye vipimo vya wafanyakazi wa serikali, kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita.

Simu yako ya bei mbaya si ya kujipigia picha tu. Kila dawa unayomeza, piga picha boksi lake, tarehe ionekane. Wakikubana, onyesha, kisha dai kipimo cha pili cha maabara. Nawe unayempima mwenzio kwa siri, si umuulize kwanza?