Uchaguzi vyuoni: Wajumbe wachache, maswali mengi

MSIMU wa kuwachagua viongozi wa wanafunzi unapowadia, mabewa ya vyuo vikuu vya umma hubadilika sura. Mabango hubandikwa hata penye onyo la kutobandika, na wawaniaji ambao muhula mzima hawakumsalimu yeyote huanza kubisha milango ya mabweni usiku. Ajabu ni kuwa wengi wa wanaobembelezwa hawatampigia mwenyekiti kura.

Hali hii ilitokana na marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliyopitishwa mwaka wa 2016. Badala ya kila mwanafunzi kuwachagua viongozi wakuu moja kwa moja, wanafunzi wa idara, shule au kitivo huwachagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio huwachagua wanachama wa baraza.

Serikali ilikuwa na sababu zake. Mnamo Aprili 2016, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kufuatia ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa chama cha SONU, ambapo Babu Owino alitangazwa mshindi kwa mara nyingine. Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge wa Embakasi Mashariki. Sheria hiyo iliweka kikomo cha mihula miwili ya mwaka mmoja mmoja, na kuagiza mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti. Hayo yalistahili pongezi.

Lakini je, pesa zilitoroka? Mwenye nia ya kuhonga alihitaji awali kuwafikia maelfu ya wapiga kura; sasa anahitaji wajumbe kadhaa tu, ambao majina yao anayajua na anaweza kuwaalika chakula cha jioni. Aidha, mwanafunzi wa kawaida hana njia ya kumwadhibu kiongozi aliyemsahau.

Jambo hili si dogo. Mfumo wa ufadhili uliozinduliwa mwaka wa 2023 uliwaweka wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, na wengi walilalamika kwamba waliwekwa pasipowafaa. Malalamiko kama hayo huhitaji mtetezi anayewajibika kwao, wala si kwa aliyegharamia kampeni.

Wanafunzi wanaweza kuanza na hatua ndogo: kila idara iwaite wajumbe wake kikaoni kabla ya siku ya kura, waeleze hadharani wanamuunga nani na amesema nini kuhusu karo na malazi. Hilo halihitaji mswada Bungeni; ukumbi wa mihadhara na saa moja ya alasiri vinatosha.