Mawe ya Lupango: Pima, Tena Uliza Yametoka Wapi

Mvua za Katanga zinaanza karibu na Oktoba na kuendelea mpaka Aprili, na kila mwaka matope yanaingia na miguu hata chini ya kitanda. Ndiyo sababu wengi wanataka kumwaga graviye mbele ya mlango. Ni fikara nzuri. Lakini usimwite mwenye lori mbele ya kupima.

Twaa mfano wa mahali pa meta 6 kwa meta 4: ni 24. Unene wa santimeta 5 unatosha kwa watu wa miguu. 24 mara 0,05 ni meta za ujazo 1,2. Burueti ya kawaida inabeba litri 60 hivi. Basi ni burueti 20, uzito wake karibu tani 2. Ongeza 2, maana mawe mengine yatazama udongoni. Vijana wa sekondere, hesabu hii ni yenu. Baba asidanganywe eti inahitajika lori nzima!

Mawe yaliyovunjwa yanashikana. Yale ya mtoni, ya mviringo, yanateleza chini ya mguu, na mama iko na ndoo ya maji kichwani. Kwanza shindilia udongo, uinamie mbali na ukuta.

Sasa jambo linalonisumbua zaidi. Kwetu mawe ya bure ni mengi: mabaki ya migodi, na zile skori nyeusi za viwanda vya shaba. Mengine ni ya kijani, yanapendeza macho. Lakini ndani yake mnaweza kubaki kobalti, pengine na risasi ile ya batri. Na mawe ya upande wa Shinkolobwe yana uraniamu. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza waliyoyaona Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba hata katika lupango zao: kobalti nyingi katika mavumbi ya nyumba na katika mkojo, zaidi sana wa watoto. Mtoto anacheza chini, halafu anapeleka mkono kinywani.

Kwa hiyo uliza shofele, bila haya, amepakia wapi. Nunua graviye ya kariere ya mawe ya kujengea. Kama feza ni kidogo, acha lupango yote, funika njia tu toka mlango mpaka barabarani: meta 6 kwa meta 1 ni burueti 5.