Marekani Iliyosubiriwa Ifo

Omar Mohamed alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, Dadaab, nchini Kenya, akimlea mdogo wake Hassan. Mwaka 2020 yeye na mchoraji Victoria Jamieson walitoa When Stars Are Scattered, hadithi ya michoro iliyofika fainali ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani.

Filamu za Hollywood humsifu anayejikwamua kwa jitihada. Omar alikuwa nazo tele! Kilichomchelewesha ni kusubiri jina lake liitwe kwa usaili wa kuhamishiwa Marekani, na miaka ikayoyoma.

Kusubiri huko kulizidi kuwa kugumu kwa Wasomali wengine: Januari 2017 Rais Trump alitia saini amri ya kuwazuia raia wa Somalia na nchi nyingine sita kuingia Marekani.

Wanafunzi wa Diff, Dadaab na Garissa wanastahili kukisoma kitabu cha Omar darasani, kwa Kiswahili na Kisomali.